Leo Tolstoy: Tajiri Aliyewatetea Maskini



Kijana mwenzangu, juzi baada ya sala ya Jumuiya tulibaki nje tukibishana. Mmoja wetu alikuwa ameona kwenye simu staa mmoja wa nje akihimiza watu wachangie maskini. Akasema hao wote ni wanafiki tu: wana majumba, pesa wanazificha visiwani zisikatwe kodi, halafu wanakuja kutuhubiria sisi wa elfu mbili mbili. Tukacheka, tukakubali. Lakini usiku nikamkumbuka mzee mmoja wa Urusi niliyekutana naye nikisoma falsafa, ambaye alishtakiwa kosa linalofanana na hilo zaidi ya miaka mia iliyopita.

Leo Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 Yasnaya Polyana, shamba kubwa la ukoo wao karibu na mji wa Tula. Alibaki yatima mapema, na mwaka 1847 akarithi shamba hilo pamoja na mamia ya wakulima. Ndiyo, pamoja na wakulima, maana Urusi ya wakati ule mkulima alikuwa mali ya bwana wa ardhi mpaka mwaka 1861. Na mabwana wenyewe hawakulipa kodi ya kichwa. Kodi hiyo, ambayo babu zetu huku nao waliijua vizuri, ilimwangukia mkulima.

Ujana wake ulikuwa wa fujo: karata, pombe, wanawake. Nyumba kubwa aliyozaliwa iliuzwa, ikabomolewa na kuhamishwa, na pesa zake zikaishia kwenye karata. Mwaka 1862 alimwoa Sofia, wakapata watoto 13. Riwaya zake mbili, Vita na Amani na Anna Karenina, zikamfanya ajulikane dunia nzima. Halafu, akikaribia miaka 50, akiwa na kila kitu, akashindwa kujijibu anaishi kwa ajili ya nini. Akaishika Injili.

Mwaka 1882 ilifanyika sensa mjini Moscow, naye akaomba kuhesabu watu kwenye mtaa wa maskini kabisa. Aliandika gazetini akiwaita matajiri wachange. Waliahidi, lakini pesa hazikuja. Mwisho wa yote alibaki na ruble 37 za kugawa, akahangaika hata namna ya kuzigawa. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza swali ambalo watoaji wengi hulikwepa: hizi pesa ninazotoa, mimi nimezipata wapi? Akaona zimetoka kwa mkulima yule yule, kwa njia ya kodi ya shamba na ushuru, halafu yeye anamrudishia senti na kuitwa mwema.

Kuna kisa chake kimoja ambacho mimi sikisahau. Alikuwa na mazoea ya kwenda kupasua kuni na wakulima. Jioni moja wakirudi, wakakutana na mzee ombaomba. Mkulima mmoja, Semyon, akatoa sarafu ya kopeki tatu akitaka arudishiwe mbili. Mzee hakuwa na chenji kamili. Semyon akasita kidogo, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka akimwachia zote. Tolstoy alitoa kopeki ishirini. Baadaye akapiga hesabu: akiba yote ya Semyon ilikuwa ruble sita na nusu, yake yeye ruble 600,000. Ili atoe sawa na Semyon, ilimpasa atoe kama ruble 3,000. Unamkumbuka yule mjane wa hekaluni? Tolstoy alijiona amesimama upande wa pili, kwenye foleni ya matajiri.

Basi akabadilika. Akavaa shati la kikulima, akalima, akashona viatu. Mwaka 1891 aliachia hakimiliki ya maandishi yake yote ya tangu 1881. Mwaka uliofuata akaachana na mali yake yote. Na hapa niseme ukweli: hakuwapa maskini. Aliwagawia mke na watoto, kisha akaendelea kulala kwenye nyumba ile ile na kula mezani ambako watumishi walihudumu wamevaa glavu nyeupe. Vitabu vya zamani viliendelea kumwingizia Sofia pesa, na hesabu za shamba zikawa mzigo wake Sofia. Ni rahisi kuchukia pesa wakati mwenzako ndiye anayezihesabu. Baadaye Sofia aliweka mlinzi wa kukamata wakulima waliokata miti, na mzee akalia moyoni.

Lakini njaa ilipoingia mwaka 1891 alikwenda Ryazan. Yeye na wenzake walifungua vituo zaidi ya 200, wakilisha watu zaidi ya 10,000. Mwaka 1899 alipokea pesa za riwaya yake ya Ufufuko, kinyume na msimamo wake mwenyewe, ili kuwasafirisha kwenda Kanada Wadukhobor, Wakristo walioteswa kwa kukataa jeshi. Mwaka 1907 alimwandikia waziri mkuu Stolypin akimsihi ardhi yote itozwe kodi kubwa, kama alivyofundisha Mmarekani Henry George. Kumbuka, ardhi hiyo ni pamoja na ya wanawe.

(Msininukuu vibaya: mafundisho yake juu ya Kristo hayakuwa ya Kanisa. Alikana umungu wake, na mwaka 1901 Waorthodoksi walitangaza kwamba yeye si wao tena.)

Mapema mwaka 1910 mwanafunzi mmoja wa Kiev alimwandikia kwa upole akimwomba aache kila kitu, aondoke mikono mitupu. Tolstoy hakukasirika. Alijibu kwamba hilo ndilo analolitamani. Mnafiki anaficha pengo kati ya maneno na maisha. Huyu alilianika mwenyewe, ingawa kulianika hakukumpa mkulima hata kipande cha shamba.

Mwishoni mwa Oktoba, usiku, akiwa na miaka 82, alitoroka nyumbani. Akaugua kwenye treni, akafia katika nyumba ya mkuu wa stesheni ya Astapovo. Wakulima walikuja kumzika.

Binti yake Alexandra ndiye aliyeachiwa maandishi. Pesa alizopata kwa kuyachapisha alizitumia kununua ardhi ya Yasnaya Polyana kutoka kwa familia yake mwenyewe, akawapa wakulima.