Historia: Paul Galvin, mtu aliyetenganisha muziki na makelele ya injini

Mwezi wa sita mwaka 1930, wafanyabiashara wa redio kutoka pande nyingi za Marekani walikusanyika Atlantic City, muji wa pwani, kwa mkutano wao. Kampuni zenye pesa zilikodi nafasi ndani na kupanga bidhaa zao. Paul Galvin, mwenye kiwanda kidogo cha Chicago, hakuwa na nafasi ndani. Alichokuwa nacho ni gari lake aina ya Studebaker, ambalo lilimleta yeye na bibi yake Lillian safari ya karibu kilomita 1 300. Alilisimamisha nje, akafungua redio aliyoifunga humo ndani, akaongeza sauti, akaanza kuwaita wapita njia waje wasikilize.

Redio yenyewe haikuwa kitu cha kushangaza, maana wakati huo mamilioni ya nyumba za Marekani zilikuwa nayo. Ajabu ilikuwa kuisikia vizuri ndani ya gari, na kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Kwa kufika hapo Galvin na watu wake walikuwa wamepigana na adui aliyekaa chini ya kapo ya gari lilelile: injini.

Galvin alizaliwa mwaka 1895 Harvard, muji mdogo wa jimbo la Illinois, ambao hauna uhusiano na chuo kikuu cha jina hilo. Treni zilikuwa zikisimama pale, na watoto walikimbilia abiria kuwauzia mahindi ya kukaanga. Yeye alikuwa mmoja wa wale watoto. Alisoma miaka miwili katika chuo kikuu cha Illinois, akaacha, kisha akatumika kama ofisa wa mizinga katika vita ya kwanza ya dunia.

Aliporudi alianza biashara, na biashara ikamkataa. Mwaka 1921 yeye na rafiki yake Edward Stewart walifungua kiwanda cha batri Marshfield, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1923 kikafungwa. Inasimuliwa kwamba maofisa wa serikali walifunga milango wakati wenye kiwanda walikuwa wameenda kula chakula cha mchana, na hata makoti yao yakabaki ndani. Galvin akaenda kufanya kazi katika kampuni ya peremende ya Brach, Chicago, huku ana bibi na mtoto mdogo, Robert, aliyezaliwa mwaka 1922.

Mwaka 1926 akajaribu tena na Stewart. Safari hii walitengeneza kifaa cha kuwezesha redio za nyumbani kutumia umeme wa ukutani badala ya batri. Mwaka 1928 nayo ikaanguka, na mali yake ikauzwa kwa mnada. Galvin akaenda kwenye mnada huo na kununua sehemu ya kutengenezea kifaa kile kwa dola 750. Tarehe 25 mwezi wa tisa mwaka 1928, pamoja na mdogo wake Joseph, akafungua kampuni ya Galvin Manufacturing. Walikuwa na wafanyakazi watano na dola 565. Mwaka mmoja baadaye soko la hisa la New York likaporomoka, na wateja waliokuwa wakinunua redio zake wakaanza kukosa pesa.

Hapo ndipo wazo la gari likamshika. Hakuwa wa kwanza kulifikiria. Wengine walikuwa wameanza kufunga redio ndani ya magari, lakini bei ilikuwa kubwa na kazi ya kuifunga ilikuwa mateso. Mafundi walilazimika kufungua mbele yote ya gari, kupitisha waya wa kunasa mawimbi ndani ya dari, kutoboa sakafu na kuweka batri za ziada chini ya miguu ya abiria. Galvin alitaka redio ambayo ingeweza kuingia katika magari mengi, kwa dola 110 hadi 130 hivi. Hata hiyo haikuwa bei ndogo: gari jipya la Ford aina ya Model A lililo zuri lilikuwa la karibu dola 540.

Sasa tuangalie tatizo lenyewe, maana watu wengi wanalichanganya. Injini ya petroli inatoa makelele ya aina mbili. Moja inaingia masikioni: mngurumo wa bomba la moshi, vyuma vinavyogongana, upepo wa feni. Nyingine haisikiki kwa masikio hata kidogo, bali inasikika na redio. Kila mara buji inapotoa cheche ya kuwasha petroli, cheche hiyo inarusha mawimbi hewani. Mitambo ya kwanza kabisa ya kutuma habari bila waya, ile ya Marconi, ilitumia cheche vilevile. Kwa hiyo kila gari la petroli lilikuwa kituo kidogo cha redio, kikirusha kelele tupu. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 2 000 kwa dakika inatoa cheche 100 kila sekunde. Ukiweka redio nyepesi ya kunasa sauti nusu mita kutoka hapo, utasikia mkaango mkali unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Mwimbaji anazama humo humo.

Walioshughulika na kazi hii pamoja na Galvin walikuwa Elmer Wavering na William Lear. Huyu Lear ni yuleyule ambaye baadaye jina lake lilikwenda kwenye ndege ndogo za Learjet. Waliitafuta kelele mahali ilipotoka, sehemu moja baada ya nyingine. Kwenye waya za buji na kwenye delko waliweka vizuizi vya umeme vya kupunguza makali ya cheche. Kwenye dinamo waliweka kondansateri ya kumeza mitetemo. Redio yenyewe ikafungiwa ndani ya sanduku la chuma. Kila walipozima chanzo kimoja, kingine kilichokuwa kimefichwa nyuma yake kikaanza kusikika. Mtu aliyewahi kutafuta sauti ya ajabu ndani ya gari la zamani anaijua kazi hiyo: unakaza msumari huu, kunalia kule.

Kuna simulizi inayorudiwa sana kuhusu siku zile. Galvin alitaka mkopo, na ili kumvuta mkubwa wa banki akaagiza redio ifungwe ndani ya gari lake la kifahari, Packard. Nusu saa baadaye gari likawaka moto. Mkopo haukutoka. Hata kama simulizi imeongezewa chumvi, inaonyesha hatari aliyokuwa akiichezea: kampuni isiyo na akiba, wafanyakazi wanaosubiri mshahara, na bidhaa inayoingiza waya ndani ya gari la mtu mwingine.

Atlantic City ikamwokoa. Maagizo hayakuwa mengi sana, na mwaka 1930 wote kampuni ilipata hasara, lakini wauzaji walikuwa wamesikia kwa masikio yao. Redio ilihitaji jina, na Galvin akaunganisha motor, yaani gari, na mwisho wa jina Victrola, mashine ya sahani za muziki ambayo kila Mmarekani aliijua. Ikawa Motorola. Miaka michache baadaye akapatana na maduka ya matairi ya B.F. Goodrich, na bei pamoja na kazi ya kuifunga ikashuka hadi dola 55. Hapo redio ya gari ikatoka mikononi mwa matajiri.

Si kila mtu alifurahi. Massachusetts na St. Louis kulikuwa na watu waliotaka sheria ya kukataza redio ndani ya gari, wakisema shofere atashughulika na vifungo badala ya barabara, au atalala usingizi kwa sababu ya muziki. Wauzaji wakajibu kwamba redio inamwamsha shofere na kumpasha habari za mvua na barabara. Mimi naona wakosoaji walikuwa na hoja ambayo haikujibiwa vizuri. Shofere wa wakati ule aliijua afya ya gari kwa masikio. Buji ikikosa kuwaka, bielle ikianza kugonga, aliisikia kabla mambo hayajaharibika. Ukiweka bafle mbele yake, unamnyang'anya sehemu ya kazi yake.

Na kulikuwa na vijana ambao hawakutaka muziki mwingine zaidi ya injini. Wakati Galvin akiinyamazisha kule Chicago, vijana wa California walikuwa wananunua Ford za zamani, hasa zile za silinda nane zilizotoka mwaka 1932, wanang'oa vikinga-matope, wanaondoa kila uzito usiokuwa na kazi, wanakata mabomba ya moshi na kwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana katika chama kimoja cha kupima mwendo. Magari hayo yaliitwa hot rod. Kwao redio ilikuwa kilo za bure, na ule mngurumo ndio uliowaambia kama mashine inapumua vizuri. Baada ya vita, wadogo zao walitaka vyote viwili: bomba linalonguruma na redio inayoimba, wakizunguka mujini usiku wakipunguza kimoja ili kusikia kingine.

Galvin mwenyewe hakubaki kwenye muziki. Mwaka 1936 kampuni ilitoa redio ya magari ya polisi. Mwaka huohuo alitembea Ulaya, akarudi na hakika kwamba vita inakuja. Mwaka 1940 ikatoka redio ya mkononi ya jeshi, na mwaka 1943 ile ya kubeba mgongoni, yenye uzito wa karibu kilo 16, iliyosimamiwa na Daniel Noble. Elimu ileile ya kunyamazisha buji ndiyo iliyowezesha askari kusikilizana ndani ya magari ya vita.

Katikati ya miaka hiyo msiba ukaingia nyumbani. Mwezi wa kumi mwaka 1942, Lillian, yule aliyesafiri naye hadi Atlantic City, aliuawa ndani ya nyumba yao Evanston, karibu na Chicago, pamoja na mfanyakazi wa ndani. Galvin aliendelea na kazi, akaoa tena mwaka 1945, na mwaka 1947 kampuni ikaacha jina la familia na kuchukua jina la redio ya gari.

Wasomaji wengi wa mashariki mwa Kongo walilijua jina hilo kwa njia ya redio za mkononi za askari na za mashirika, si kwa muziki. Na uhusiano mwingine ulikuja muda mrefu baada yake: mwaka 2011, Motorola Solutions na kampuni ya AVX walianzisha mpango wa kununua coltan ya Katanga ambayo njia yake inafuatwa kutoka mgodini hadi kiwandani. Coltan hiyo inatengeneza kondansateri, ndugu za mbali za ile iliyofungwa kwenye dinamo mwaka 1930.

Galvin alikufa kwa kansa ya damu tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka 1959, akiwa na miaka 64. Robert alichukua kiti chake. Miaka minne hivi kabla ya kifo hicho, kampuni ilikuwa imetoa transista yenye nguvu kwa ajili ya redio za gari, na kile kifaa cha zamani cha kupandisha umeme, ambacho kilikuwa kikivuma kama nyuki ndani ya sanduku, kikaondolewa. Kilichobaki kusikika ndani ya gari ni muziki na injini yenyewe.