Spurgeon na Sigara Yake

Vijana wetu wa Ukunda wameniuliza: kama mhubiri Charles Spurgeon alikuwa anavuta, mbona wao wakatazwe? Basi hebu niwasimulie.

Spurgeon alizaliwa Uingereza mwaka 1834. Aliokoka akiwa na miaka 15, na akiwa na 19 tu akaitwa kuchunga kanisa London. Mwaka 1861 wakafungua jengo kubwa, Metropolitan Tabernacle, na maelfu wakawa wanajaa. Lakini mtumishi huyu alipenda sigara nene, kama zile watalii huvuta kwenye hoteli za Diani.

Septemba 1874, mhubiri mgeni kutoka Marekani, George Pentecost, alishuhudia hapo kanisani jinsi alivyoachana nazo. Spurgeon akainuka, akatangaza kwamba yeye atavuta yake usiku huo kwa utukufu wa Mungu. Jameni! Magazeti yakamshika. Akajibu kwa barua kwamba haoni haya, maana sigara ilimtulizia maumivu na kumpa usingizi. Kweli aliteswa sana na jongo, ule ugonjwa wa viungo. Alifariki 1892 akiwa na miaka 57.

Mimi nampenda Spurgeon, na mahubiri yake nayasoma mpaka leo. Lakini oneni: uhuru wa mtu mmoja umekuwa kisingizio cha vijana wa Kwale, miaka 150 baadaye. Ukitaka kumfuata, anza na magoti yake na Biblia yake. Sigara muachie mwenyewe.

Someni 1 Wakorintho 8:9.