Mama Kevina: Mwalimu Aliyerudishwa Nkokonjeru



Kamati ya maandalizi imenitaka niandike, katika kijitabu cha mwaka huu, maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyegusa historia ya ukoo wetu. Najua wengi mlitazamia nimwandike Krapf, kwa kuwa sisi ni watu wa Rabai na dini tuliipokea kwa Waanglikana. Nimemchagua mtawa wa Kikatoliki, mzaliwa wa Ireland. Nawaomba mnisikilize kwanza, ndipo mnilaumu.

Mama huyu alizaliwa Arklow, katika wilaya ya Wicklow, tarehe 28 Aprili 1875, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki kabla hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki binti akiwa na umri wa miaka kumi. Akalelewa na bibi yake mzaa mama, na huyo naye akamwacha alipokuwa na miaka 17. Hivyo alianza utu uzima hana baba, hana mama, hana bibi. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kumwezesha kwenda chuo cha ualimu, alifundisha kama mwalimu msaidizi huku akijisomesha mwenyewe. Baadaye alipata kazi ya ualimu Essex, Uingereza. Mwaka 1895 aliingia utawa kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, London, na mwaka 1898 akapewa jina la Sista Mary Kevin.

Shauku yake ilikuwa kuja huku Marekani kuwatumikia watu weusi, kwani shirika lake lilikuwa na masista Baltimore. Alingoja miaka kadhaa asiitwe. Wito uliokuja ulikuwa wa Uganda, ambako Askofu Henry Hanlon alihitaji masista wa kufundisha wanawake na wasichana. Mnamo Desemba 1902 masista sita waliondoka London. Reli ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka mmoja tu uliotangulia, hivyo walipanda gari moshi Mombasa hadi ziwani, kisha meli. Walifika Nsambya tarehe 15 Januari 1903.

Walikuta nchi imetoka katika vita vya dini na sasa imeingia katika maradhi. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwamaliza watu wa pwani za ziwa. Katika miaka ile uliwaua zaidi ya laki mbili. Sista Kevin alikuwa mwalimu, wala hakuwa daktari, lakini hapakuwa na nafasi ya kuchagua. Tiba ilianzia chini ya mwembe, na darasa la wasichana karibu yake. Mwaka 1906 walifungua kituo cha pili Nagalama. Mwaka 1910 alifanywa mkuu wa masista, na watu wakaanza kumwita Mama Kevina.

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka, Nsambya iligeuzwa kuwa hospitali ya wapagazi wa jeshi, wale ambao jina la kikosi chao ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi hao walikufa zaidi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kwa utumishi wake kwao alipewa nishani ya MBE mwaka 1918. Mimi niliyekaa miaka mingi ofisini nikiandika mapendekezo ya nishani za watu wengine nasema kwamba hiyo haikutolewa bure.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwalo namwandika. Mama Kevina aliona wanawake na watoto wachanga wakifa wakati wa uzazi, hali masista wake walikuwa wamefungwa mikono. Sheria ya Kanisa haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Wengine wangetii, wakanyamaza. Yeye alitii, lakini hakunyamaza. Alimpata daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, na pamoja naye akaanzisha Nsambya, mwaka 1921, shule ya wauguzi na wakunga. Wanafunzi wake walikuwa wasichana wa Kiafrika. Ikiwa masista hawaruhusiwi kuzalisha, basi watafundisha wale wanaoruhusiwa! Katazo lenyewe Roma ililiondoa mwaka 1936, baada ya yeye na wanawake wengine wa misioni kuwaeleza wakuu wao kwa miaka mingi hali waliyoiona kwa macho.

Babu yetu, mfanyakazi wa reli, alihamishiwa Kampala treni ilipofika huko mwaka 1931, akapata nyumba chini ya kilima cha Nsambya. Bibi alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili nyumbani, na mara zote mbili alizika. Alipokuwa mjamzito mara ya tatu, mwaka 1934, wazee wa kanisa letu walimshauri aende Mengo, kwa Waanglikana wenzake. Uchungu ukamshika usiku, na Nsambya ilikuwa karibu. Mkunga aliyempokea alikuwa msichana wa Kiganda aliyefunzwa katika shule ile. Mtoto aliyezaliwa ndiye marehemu baba yangu. Wadogo zake wote walizaliwa pale pale. Hesabuni wenyewe, katika ukumbi tutakaokutana, ni viti vingapi vingekuwa vitupu.

Tumrudie Mama Kevina. Mwaka 1923 alianza na wasichana wanane wa Kiafrika shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo makao yake ni Nkokonjeru. Leo wanafundisha na kuuguza Uganda, Kenya na Tanzania. Baadhi yenu mmesomeshwa nao bila kujua habari za mwanzilishi wao. Alijenga makao ya wenye ukoma Nyenga na Buluba. Shule ya sekondari ya wasichana Namagunga ilifunguliwa mwaka 1942, na humo alitoka Dakta Specioza Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003. Sidai kwamba wamisionari walikuwa malaika. Walikuja pamoja na serikali ya kikoloni, na elimu yao ilikuwa na mipaka ya wakati wao. Lakini wengi wa wakati huo waliona yatosha msichana ajue kushona na katekisimu, naye akawapeleka mbele zaidi ya hapo.

Mwaka 1952 masista wa misioni walijitenga na Mill Hill na kuwa shirika kamili, Masista Wafransisko wa Misioni kwa Afrika, na yeye akawa mkuu wao wa kwanza. Aliacha uongozi mwaka 1955 akiwa na miaka 80. Hakurudishwa Uganda kupumzika. Alitumwa Boston kukusanya fedha za misioni. Hivyo Marekani aliyoitamani katika ujana aliipata katika uzee, akiwa mwombaji kwa ajili ya Afrika. Alifariki Brighton, mtaa wa Boston, tarehe 17 Oktoba 1957.

Masista walimpeleka Ireland, wakamzika Mount Oliver, Dundalk, penye makao yao makuu. Ilikuwa haki: ni nchi yake ya kuzaliwa, na ni nyumba ya shirika lake. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Waliomba mama yao arudishwe, na waliendelea kuomba hata wakasikilizwa. Kaburi likafukuliwa, jeneza likasafirishwa kwa ndege hadi Entebbe, na Desemba ile ile ya 1957 akazikwa Nkokonjeru, kati ya masista aliowalea. Jina lake lilikuwa limekwisha kuwa neno katika vinywa vya watu. Walisema kevina wakiwa na maana ya hospitali au nyumba ya huruma. Mwaka 2016 Kanisa lilianza mchakato wa kumtangaza mtakatifu.

Mimi naishi mwendo wa saa moja tu kutoka Brighton. Mwaka jana, baada ya mkutano wetu ule uliovunjika kwa ugomvi juu ya mfuko wa mazishi, nilikwenda huko peke yangu. Mnakumbuka wazee walivyoshikilia kwamba kila maiti irudi Rabai, na vijana walivyouliza ni nani huko atakayepalilia kaburi. Niliona pande zote mbili zilihesabu nauli tu. Mama Kevina alikuwa na nchi ya kuzaliwa, na nchi aliyofia, na nchi ya tatu iliyokuja kumdai. Yeye mwenyewe hakuwa na kauli tena. Waliodai ni wale aliowafundisha.

Mwenyekiti ameliweka tena suala hilo, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Jina langu limo katika orodha ya wanaotaka kurudishwa. La mke wangu halimo. Anasema wajukuu wake wako hapa, nao ndio aliowafundisha kusoma.