Ian Donald: Daktari aliyechukua mashine ya kupima vyuma, akamuona nayo mtoto tumboni

Siku hizi mama mjamzito akipigwa altrasaundi, daktari anaweza kuuona hadi moyo wa mtoto: vyumba vyake vinne, valvu na damu inavyopita. Mimba ikiwa na wiki 18 hadi 22, tundu au kasoro nyingine kubwa inaweza kugundulika mapema. Aliyefungua njia hiyo ni Ian Donald.

Alizaliwa Desemba 27, 1910 huko Cornwall, Uingereza, na sehemu ya ujana wake akaishi Afrika Kusini. Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la anga. Alipata nishani kwa kuwaokoa watu kwenye ndege inayowaka moto. Huko jeshini ndiko alikozifahamu rada na sona.

1954 akawa profesa wa uzazi Glasgow, Scotland. Mwaka uliofuata alipakia kwenye magari vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavipeleka kwenye kiwanda cha boila. Kule walikuwa na mashine inayotafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Mashine ikatofautisha uvimbe wa maji na ule mgumu. Basi, akaungana na injinia Tom Brown na daktari John MacVicar, wakaunda ya hospitali.

Kuna waliodhani ni mchezo tu. Mpaka alipoletwa mama aliyeonekana ana saratani isiyotibika. Mashine ikaonyesha ni uvimbe wa maji kwenye ovari. Akapasuliwa, akapona! Juni 1958 matokeo yao yakatoka kwenye jarida la Lancet.

Lakini kifaa hicho kilimletea mtihani. Donald alipinga vikali sheria ya 1967 iliyoruhusu utoaji mimba Uingereza, huku mashine yake ikizidi kufichua kasoro za watoto ambao hawajazaliwa. Yeye mwenyewe aliugua moyo, akapasuliwa zaidi ya mara moja.

Alifariki Juni 19, 1987 akiwa na miaka 76. Kufikia hapo, wataalamu wengine walikuwa wameshaanza kuupima moyo wa mtoto akiwa bado tumboni. Faida yake ni hii: kasoro ikijulikana mapema, mama anapangiwa kujifungulia karibu na madaktari bingwa wa moyo, na mtoto anazaliwa wakiwa tayari wanamsubiri.