George Huntington: Daktari aliyefumbua siri ya maradhi ya ukoo

FEBRUARI 15, 1872, daktari kijana ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 22 alisimama mbele ya madaktari wenzake katika mji mdogo wa Middleport, jimbo la Ohio nchini Marekani, akasoma makala fupi. Makala hiyo ndiyo iliyolifanya jina lake lidumu hadi leo.

Huyo ni George Huntington, aliyezaliwa Aprili 9, 1850 katika kijiji cha East Hampton, New York. Babu yake, Abel, alianza kutibu wagonjwa kijijini hapo mwaka 1797, na baba yake, George Lee, akairithi kazi hiyo.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, alifuatana na baba yake kwenda kuwaona wagonjwa. Njiani walikutana na wanawake wawili, mama na binti yake, warefu na waliokonda, viungo vyao vikijipinda na nyuso zikikunjamana bila hiari yao. Baba alisimama, akazungumza nao, kisha safari ikaendelea. Mtoto hakuyasahau aliyoyaona.

Alipohitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1871, alirejea nyumbani kwa muda na kuandika yale ambayo babu na baba yake walikuwa wameyaona katika familia zile zile kwa zaidi ya miaka 70. Baba yake aliipitia rasimu na kuisahihisha.

Urithi huo ulikuwa na thamani kubwa. Maradhi hayo kwa kawaida huanza mtu akiwa mtu mzima, mara nyingi akiwa tayari amezaa, na huendelea polepole kwa miaka mingi. Daktari mmoja pekee angeona mgonjwa mmoja mmoja. Vizazi vitatu vya madaktari viliuona ukoo mzima.

Huntington alieleza kwamba maradhi hayo hurithiwa, kwamba huvuruga akili na kuwasukuma baadhi ya wagonjwa kujiua, na kwamba mtoto akinusurika, uzi hukatika. Wajukuu wako salama. Aliyaandika hayo wakati kanuni za urithi za Mendel zilikuwa bado hazijulikani na wengi.

Alieleza pia kwamba familia zenyewe ziliyaogopa maradhi hayo kiasi cha kutoyataja, isipokuwa pale ilipolazimu.

Baada ya hapo hakutafuta ukubwa. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwatibu wananchi wa kawaida katika Wilaya ya Dutchess, New York, hadi alipofariki dunia Machi 3, 1916, akiwa na umri wa miaka 65.

Njia yake ya kufuatilia familia haikufa. Watafiti walikusanya damu na habari za koo zilizoathirika kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Mwaka 1983 walibaini kuwa kasoro iko katika kromosomu ya nne, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana.

Leo inafahamika kuwa kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi jeni hiyo. Kipimo cha damu kipo, lakini tiba ya kuponya bado haijapatikana, na wengi wenye hofu hiyo huchagua kutopima. Ukimya alioukuta Huntington East Hampton haujaisha.