Joseph Thomson: Mskoti aliyepeleka sura ya Bonde la Ufa Ulaya

WAGENI wanaosafiri kutoka Nakuru hadi Nyahururu hupenda kusimama kwenye maporomoko ya Mto Ewaso Narok, ambako maji huanguka zaidi ya mita 70. Wengi bado huyaita kwa jina la Thomson, lakini si wengi wanaojua habari za mtu huyo.

Joseph Thomson alizaliwa Februari 14, 1858 katika kijiji cha Penpont, Scotland. Baba yake alikuwa mwashi, na kijana huyo alifanya kazi katika machimbo ya mawe ya familia kabla ya kusomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Alifika Afrika Mashariki mwaka 1879 akiwa msaidizi wa Keith Johnston. Kiongozi huyo alifariki Juni mwaka huo huo huko Behobeho, Tanzania ya leo. Thomson, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliuchukua uongozi na kuufikisha msafara hadi maziwa ya Nyasa na Tanganyika, akisaidiwa na mnyapara mashuhuri, Chuma.

Mwaka 1882 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtuma atafute njia fupi kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, kupitia nchi ya Wamaasai. Aliondoka Mombasa Machi 1883. Jaribio la kwanza lilimshinda, akarudi pwani. La pili lilifaulu baada ya kujiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia hiyo. Ndiyo kusema, njia iliyosifiwa Ulaya kuwa mpya ilikuwa ikikanyagwa na wapagazi na wafanyabiashara wa pwani kabla yake.

Thomson alifika Naivasha, akapanda Mlima Longonot, na safu ya Nyandarua akaipa jina la Lord Aberdare, rais wa shirika lililomtuma. Aliyaona maporomoko, akapita Baringo, na Desemba akafika Ziwa Victoria. Siku ya mwisho ya mwaka 1883 nyati alimjeruhi vibaya. Alirejea pwani Mei 1884 akiwa hoi kwa ugonjwa wa kuhara damu.

Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka London mwaka 1885, na mwaka huo shirika lake lilimtunukia nishani ya dhahabu. Kilipendwa kwa simulizi zake na kwa picha zake pia.

Enzi hizo mtambo wa kuchapisha haukuweza kuchapa picha ya kamera pamoja na maandishi. Picha au mchoro ulihamishiwa kwenye kibao cha mti mgumu, kilichokatwa kukingama nyuzi zake na kusuguliwa hadi kikang'aa. Fundi alichimba kwa patasi nyembamba sehemu zote zilizotakiwa kubaki nyeupe, akaacha mistari imeinuka kuupokea wino. Kibao kilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi, hivyo picha na maneno vilichapwa kwa pamoja. Picha kubwa iliunganishwa kwa vibao kadhaa, na mafundi wakagawana kazi.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Mchongaji wa kawaida hakuwahi kuikanyaga nchi aliyoichonga. Kivuli asichokielewa alikigeuza kuwa mistari kwa makisio yake, na sura ya mtu ikafuata mazoea ya mkono wake. Wamaasai waliochorwa hawakupata nafasi ya kusahihisha lolote. Hata hivyo, ndivyo wasomaji wa Ulaya walivyolijua bonde hili.

Kitabu hakikumfukuza mtu kwake, lakini kiliitangaza nchi. Reli iliyoanzia Mombasa ilipita Nakuru na kufika ziwani mwaka 1901. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi, na ule wa 1911 ukawaondoa hata Laikipia.

Thomson hakuyashuhudia hayo. Baada ya safari za Sokoto, Morocco na nchi ya Zambia ya leo, afya yake ilivunjika. Alifariki London Agosti 2, 1895, akiwa na umri wa miaka 37.

Ufundi wa vibao nao ulikuwa ukififia, kwa kuwa picha za kamera zilianza kuchapwa moja kwa moja. William Morris alijitahidi kuutunza katika kiwanda chake cha Kelmscott, alichokianzisha London mwaka 1891, akibuni hata herufi zake mwenyewe.

Mji uliokua kando ya maporomoko, ulioitwa Thomson's Falls wakati wa ukoloni, leo ni Nyahururu. Jina la Mskoti huyo limebaki kwenye maji yanayoanguka na kwa swala tomi wa mbugani. Majina ya wapagazi wengi waliobeba mizigo yake hayakupewa mlima wala mto.