Daktari wa Punda Milia

Apitaye River Road leo huona vibao vya zahanati na maduka ya dawa vikipandana ghorofa kwa ghorofa. Ni wachache, hata miongoni mwa walimu wa historia, wamkumbukao aliyetangulia kufungua kazi ya udaktari wa kibinafsi mjini humu. Naye ni Dkt. Rosendo Ayres Ribeiro, mzaliwa wa Goa, iliyokuwa koloni la Ureno katika Bara Hindi.

Ribeiro alifika Nairobi mwaka wa 1900, yaani mwaka mmoja tu baada ya reli kufika. Mji wenyewe ulikuwa matope, mahema na mabanda ya mabati. Akapiga hema lake, akaanza kutibu. Wagonjwa aliwaendea akiwa amepanda punda milia aliyemfuga mwenyewe, na hapo ndipo simulizi nyingi juu yake hukomea. Kufanya hivyo ni kumpunja.

Mnamo 1902, soko la Wahindi lilikuwa limesongamana kupita kiasi, nalo halikuwa na mifereji ya kutosha. Wakamjia wagonjwa ambao dalili zao zilimtia shaka. Alipowachunguza, aliona kwamba ni tauni. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ni nani asiyejua kwamba mfichua maradhi naye hulipa? Ribeiro alipata riziki yake katika soko lilo hilo. Hata hivyo alimwarifu ofisa wa afya, Dkt. Alfred Spurrier. Ikatolewa amri soko liteketezwe, na zahanati ya Ribeiro ikateketea pamoja na maduka ya majirani zake.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili. Ukweli wa daktari ni jambo moja; matumizi ya ukweli huo mikononi mwa watawala ni jambo jingine. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, nao panya hustawi palipo na msongamano na taka. Tiba ya kudumu ilikuwa mifereji, maji safi na nyumba bora kwa wote. Badala yake, tauni iliporudi, Profesa W. J. Simpson aliletwa mwaka wa 1913 kuchunguza afya ya mji, naye akapendekeza wakazi watengwe kwa rangi zao. Ugonjwa usiobagua ukafanywa hoja ya kubagua. Ramani ya Nairobi, yenye Ngara ya Waasia na Pumwani ya Waafrika, haikuchorwa na wapimaji ardhi peke yao.

Ribeiro hakukimbia mji uliomchomea zahanati. Alianza upya, akatibu kwa miaka mingi, akawa makamu wa konsuli wa Ureno, na akatoa mali yake kwa ajili ya elimu. Shule ya Wagoa huko Parklands ikapewa jina lake. Alifariki mwaka wa 1951.

Enyi walimu, mnapofundisha historia ya mji huu, msiishie kwa magavana na reli. Nanyi wanafunzi mnaotamani udaktari, tambueni kwamba kuutaja ugonjwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukesha, ili jina la ugonjwa lisije likageuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wanyonge.